Kidole Kwenye Ukingo wa Filamu

Damu ilikuwa imeshapaka kipande kirefu cha filamu kabla Kibwana hajajua kwamba amejikata.

Aliyeiona kwanza ni mkewe, Mwanaima. Alikuwa amesimama mlangoni mwa bohari, nyuma ya baraza la Msambweni, ameshika bakuli la wali na samaki lililofunikwa kwa kawa. Kibwana alikuwa kwenye meza yake kama siku zote: mkono wa kulia unazungusha kipini cha chuma, filamu inatoka gurudumu moja kwenda la pili, na katikati inapita baina ya kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Uso wake ulikuwa umetulia. Damu ilikuwa inamchirizika hadi kwenye kanzu, naye anazungusha tu.

"Baba Chiku," alisema Mwanaima taratibu, "umejikata."

"Wapi?"

"Kidoleni. Tazama."

Kibwana alikitazama kidole chake kama mtu anayeonyeshwa kidole cha mwenziwe. Ukingo wa filamu ulikuwa umekipasua kwa urefu. Akakifumbata haraka.

"Nilikuwa na mawazo," alisema. "Weka chakula hapo."

Mwanaima aliweka chakula, lakini hakuondoka. Kazi ya mumewe aliifahamu. Gari la sinema la serikali lilizunguka kutoka Waa hadi Lunga Lunga, likiwaonyesha watu filamu za kuchimba vyoo, za kupanda korosho, na moja ya kuchekesha iliyopendwa kuliko zote. Kila liliporudi, Kibwana alizipitisha filamu zote vidoleni. Pembeni mwa filamu kuna matundu madogo yanayoshikwa na meno ya mashine. Tundu likichanika, kidole hukwama kidogo, kama kucha inavyokwama kwenye uzi wa kanga. Hapo mtu husimama, akakata, akaunga kwa gundi inayonuka ndizi mbivu, kisha akaandika kwenye kadi inayokaa ndani ya mkebe: palipochanika, palipoungwa, palipokwaruzwa, na mwisho neno moja tu. Nzuri, yafaa, au mbovu.

Mwanaima mwenyewe alikuwa msusi wa mikeka. Tangu utotoni alisuka ukili, utepe mrefu wa ukindu, akauviringisha ukawa bunda la duara, na kabla ya kuushona aliupitisha vidoleni kutafuta chane iliyovunjika. Kwa hiyo alipoanza kuifuta ile damu kwa ncha ya kanga yake, kidole chake kilikwama, akajua. Akarudi nyuma kidogo, kikakwama tena. Sehemu hiyo ilikuwa imeshapita mkononi mwa mumewe. Na kadi ya mkebe ule, iliyokuwa mezani, ilikuwa imeshaandikwa: nzuri.

Alimtazama Kibwana. Kibwana alikuwa anatazama bakuli la wali.

* * *

Nyumbani, mama yake Kibwana, Bi Biasha, alikuwa na dawa yake. Kila alfajiri, baada ya sala, alimkalisha mwanawe kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akampaka mikono mafuta ya nazi aliyoyachemsha kwa karafuu. Alipaka polepole, kidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye baka jeupe lililokuwa nyuma ya mkono wa kushoto, alipunguza mwendo.

"Ni baridi tu hii," alisema. "Huko bohari kuna sakafu ya saruji. Saruji inapanda mifupani."

"Ndiyo, mama."

"Babu yako alikuwa nayo. Ikaondoka yenyewe."

Babu yake hakuwa nayo, na wote watatu, Mwanaima akiwamo, walijua. Neno lenyewe, ukoma, halikutamkwa ndani ya nyumba ile. Hospitali ilikuwa karibu, na ng'ambo ya hospitali ilikuwapo kambi ya wagonjwa wa maradhi hayo. Bi Biasha alikuwa na rafiki aliyepelekwa huko zamani. Ndugu zake walikichoma kitanda chake siku ileile, uani, watu wakitazama. Kitanda kizuri cha besera, alichoozewa nacho. Bi Biasha hakuisahau harufu ya mbao zile.

"Usimwambie mtu," alimwambia mkaza mwanawe kila walipokuwa jikoni wawili tu. "Hata kwenu. Mtu akisema neno moja, kazi imekwenda, na mume amekwenda."

"Sijasema, mama."

"Najua hujasema, mwanangu. Nakuambia usije ukasema."

Hakuwa mama mkali. Ila hofu ilikuwa imemwingia, na hofu ilikuwa imemfundisha mambo madogomadogo. Chiku, mjukuu wake, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na desturi yake ilikuwa kumwendea baba yake akiyumbayumba kila aliporudi. Siku hizi kila Kibwana alipobisha hodi, mtoto alikuwa amekwishabebwa mgongoni mwa bibi yake. Mara anaogeshwa. Mara anapelekwa kwa jirani kuonyeshwa vifaranga. Kibwana aliketi ukumbini, akayapanga viatu vyake vizuri pembeni mwa ukuta, kama mgeni.

Na nje nako kulianza. Kwenye kijiwe cha kahawa cha Mzee Tembo, vikombe hutoka vya moto, na desturi ni kukihamisha kikombe mkono huu hadi ule, ukipuliza. Kibwana alikishika chake kimya kwa mkono mmoja na kuendelea na mazungumzo.

"Huyu ana mkono wa kuchomea mahindi," mmoja akasema, watu wakacheka. Kibwana naye akacheka. Lakini Mzee Tembo hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkono.

Kesho yake Kibwana alipewa kahawa yake katika kifuu.

"Vikombe vimepungua leo," alisema Mzee Tembo, bila kumtazama usoni. Vikombe vilikuwa vimejaa ndani ya ndoo ya maji, vinaonekana. Kibwana alikunywa kahawa yake katika kifuu, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena.

* * *

Randu alirudi kutoka Waa akiwa na mchanga mpaka kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyeendesha gari la sinema na ndiye aliyeonyesha, mtu wa Kilifi mwenye sauti kubwa. Filamu nyingi zilikuja na maneno ya Kizungu, na Randu ndiye aliyesimama na bomba la sauti akawaeleza watu kwa Kiswahili kinachotendeka. Alishusha mikebe mmoja baada ya mwingine, akaipanga juu ya meza ya Kibwana, akaketi juu ya pipa tupu.

"Waa wamenitukana mpaka wakamfikia bibi mzaa mama," alisema. "Filamu imekatika, nimeunga, imekatika tena. Ile ya kunawa mikono. Mtu amekunja mikono ya shati, ameshika maji, hajafika kwenye sabuni, pa, giza. Naunga. Anakunja tena mikono ya shati. Pa. Bikizee mmoja akasema, huyu bwana hanawi ng'o, ameona tunamtazama ameona haya."

Kibwana alitabasamu kidogo.

"Usicheke, ndugu yangu. Baadaye wakaanza kunirushia maganda ya machungwa. Mimi nimeshika bomba, ganda linanipiga hapa." Akajigusa shavu. Kisha sauti yake ikashuka. "Kadi ilisema nzuri, Kibwana. Mimi nikiona mwandiko wako sitazami mara mbili. Natia kwenye mashine."

"Pengine ilichanika njiani."

"Ndani ya mkebe?"

Mwanaima, aliyekuwa amekuja kuchukua bakuli, aliinama akakusanya vyombo polepole kuliko ilivyohitajika.

"Habari zimefika Mombasa," Randu aliendelea. "Yule karani wa chifu wa Waa ana simu na ana ulimi. Bwana mkaguzi wa filamu anakuja Alhamisi. Amesema atafungua mikebe, na anataka akuone ukifanya kazi. Sikuambii ili nikutishe. Nakuambia ujiandae."

"Nimesikia," alisema Kibwana. "Ahsante."

Alipokwisha kuondoka Randu, Kibwana alifunga mlango wa bohari, kisha akasimama na kuuegemea kwa mgongo.

"Nilijaribu kubadilisha mkono," alisema Kibwana. Ilikuwa mara ya kwanza kulizungumza jambo hilo. "Nizungushe kwa kushoto, nishike kwa kulia. Lakini kulia nako kumeanza kuwa kuzito. Ni kama nimevaa kitambaa na kitambaa chenyewe hakivuliki."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na kadi zote hizo?"

"Niliandika nzuri. Ningeandika nini? Sisikii kitu, Mwanaima. Kila filamu kwangu sasa ni laini kama hariri."

Mwanaima alitua vyombo chini. Akavuta pipa alilokalia Randu, akalileta mpaka mezani, akaketi mahali pa mumewe. Akanawa vidole kwenye birika, akavikausha vizuri kwenye kanga.

"Nionyeshe inavyoanzwa," alisema.

* * *

Walifanya kazi hivyo siku zilizobaki, mlango umefungwa, joto la mabati likiwashukia vichwani. Mwanaima alizungusha na kushika. Kibwana aliketi kando yake na kalamu. Kila kidole kilipokwama, Mwanaima alisimama, Kibwana akainua filamu dhidi ya mwanga wa dirisha, akamwambia ni nini. Tundu moja likichanika, huandikwa tu. Yakichanika yanayofuatana, hukatwa na kuungwa. Mistari myembamba inayoteremka, watazamaji huiona kama mvua, nayo haiponi, huandikwa ilivyo.

Makosa yalikuwa mengi kuliko Kibwana alivyofikiri. Ile filamu ya kuchekesha, kipenzi cha watu, ilikuwa imeliwa kingo kama jani lililopitiwa na viwavi. Kibwana aliishika kadi yake, kalamu ikabaki hewani.

"Nikiandika mbovu, watauliza mbona mwezi uliopita iliandikwa nzuri."

"Na usipoandika, wataacha kuuliza?"

"Nitaandika yafaa."

Mwanaima alisimamisha kipini. "Wewe ndiye uliyenieleza, siku ile tulipokuwa wachumba na nikakuuliza kazi yako ina maana gani. Ulisema, mpasuko mdogo ukiandikwa, utashonwa. Ukifichwa, jino la mashine linaukuta peke yake, linavuta, na filamu nzima inakwenda. Ulisema hivyo kwenye ua wetu, ukila muhogo. Mimi nikasema moyoni, huyu mtu ana akili, nitakubali."

"Sikumbuki muhogo."

"Ulikula sana."

Kibwana alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Alijua mkewe hasemi habari ya filamu peke yake.

"Nikienda hospitali, wataniweka kule ng'ambo," alisema. "Mama atakufa kwa aibu. Chiku atakua akiambiwa baba yake yuko kambini."

"Na usipokwenda?"

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa. Komeo halikuwa limeingia vizuri. Randu alikuwa amesimama pale na kahawa mkononi, mdomo wazi, akimwangalia Mwanaima aliyeshika kipini.

"Lo," alisema. "Shemeji, umemwachisha mume wako kazi?" Akacheka kwa sauti yake kubwa. Hakuna aliyecheka naye. Akautazama uso wa Kibwana, akautazama mkono wa Kibwana uliofungwa kitambaa, na baka lililojitokeza kando ya kitambaa. Kicheko kikaisha polepole.

Mwanaima hakukiachia kipini.

Randu aliingia, akafunga mlango, safari hii akalisukuma komeo mpaka mwisho. Mkononi alikuwa na kifuu na kikombe.

"Nilipita kwa Mzee Tembo," alisema. "Nikamwambia nipe kahawa mbili, yangu na ya Kibwana. Akanipa moja katika kikombe na moja katika hiki. Nikamuuliza hiki cha nani. Akasema, Kibwana atajua." Akaketi sakafuni. "Mimi sikuelewa. Nimetembea njia nzima sielewi."

Akampa Kibwana kikombe. Yeye akanywa kwenye kifuu, fundo moja baada ya jingine, mpaka mwisho, akakilaza kifuu magotini.

"Kahawa ya Tembo mbaya kwenye chombo chochote," alisema.

Kibwana alishika kikombe kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini.

* * *

Alhamisi Bi Biasha aliamka kabla ya adhana. Alikuwa ameambiwa mzungu anakuja kumtazama mwanawe akifanya kazi, na hilo lilimnyima usingizi. Akachemsha mafuta mapya, akazidisha karafuu, akampaka Kibwana mikono kwa muda mrefu akimsomea dua, akarudia, akamalizia na ncha za vidole.

"Leo mikono yako iwe myepesi," alisema. "Mungu aifungue."

Kibwana alinawa, akajifuta, akaiona mikono imekauka. Akaenda.

Bwana mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili kizuri cha kujifunza kitabuni. Alifungua mikebe akasoma kadi. Alikuwa amekuja na hasira za Waa, lakini kila alipochukua filamu na kuitazama dirishani, aliikuta ilivyoandikwa. Penye kiungo pana kiungo. Penye mvua pana mvua. Alipofika kwenye filamu ya kuchekesha na kusoma neno mbovu, aliinua nyusi, akaizungusha kidogo, akaguna.

"Ni kweli, ni mbovu," alisema. "Sasa niambie kwa nini ile ya Waa haikuandikwa hivi."

"Nilikosa, bwana."

"Hapa hujakosa hata mahali pamoja." Akaondoa mkebe mmoja aliokuja nao mwenyewe kutoka Mombasa, akatoa humo filamu mpya. "Hebu fanya kazi, nikuone."

Mwanaima alikuwa amesimama nje ya mlango, karibu na Randu, na bakuli la chakula ambalo halikuwa limefikia wakati wake. Aliona mumewe akikaa. Aliona mkono wa kulia ukishika kipini, na vidole viwili vya kushoto vikibana ukingo wa filamu. Kibwana alizungusha taratibu, kichwa ameelekeza pembeni kama mtu anayesikiliza. Mwanaima naye akajikuta anasugua kidole gumba chake na cha shahada, akisubiri kile kikwazo kidogo, akimwombea kisiwepo.

Hakikuwepo. Filamu ilikuwa mpya.

Lakini jua lilikuwa limeingia dirishani, na katika jua lile Mwanaima aliona jambo jingine. Filamu iliyokuwa inaingia mkononi mwa Kibwana ilikuwa nyeusi ya kawaida. Iliyokuwa inatoka ilikuwa inang'aa. Mng'ao mwembamba, mrefu, ukizunguka gurudumu lote.

Mkaguzi aliuona pia. Akaweka mkono juu ya gurudumu, likasimama. Akagusa, akanusa vidole vyake.

"Nini hiki? Karafuu?"

"Bwana?"

"Umeipaka filamu mafuta kutoka mwanzo mpaka hapa. Mafuta yanashika vumbi, na vumbi ndilo linalokwaruza. Hilo unalijua kuliko mimi." Hakuwa amekasirika bado, alikuwa anashangaa tu. "Vidole vyako vimejaa mafuta. Mtu anawezaje kuwa na mafuta vidoleni asijue?"

Kibwana alivitazama vidole vyake. Angeweza kusema amesahau kunawa. Angeweza kusema amekula mbaazi za nazi. Randu pale mlangoni alikuwa tayari amefungua mdomo kumsaidia kwa uongo wowote utakaokuja.

Kibwana alimtazama mkewe, kisha akanyoosha mkono wa kushoto mezani, kwenye jua, baka juu.

"Mama yangu hunipaka, bwana," alisema. "Anadhani ni baridi. Mkono huu hausikii. Hausikii mafuta, hausikii filamu, hausikii moto. Zile za Waa niliziandika nzuri nami sikuzisikia. Hizi ulizosoma leo zimepimwa na mke wangu, mimi nimeandika tu."

Mkaguzi alirudi nyuma hatua moja. Hakukusudia, mguu wenyewe ulirudi. Akatoa kitambaa mfukoni, akajifuta vidole vilivyogusa mafuta, akavifuta tena, na alipoona kwamba wote wanamtazama akifuta, uso ukamgeuka mwekundu. Akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Umekwenda hospitali?"

"Bado, bwana."

"Huwezi kugusa filamu mpaka hospitali iseme."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini ulificha?"

Kibwana aliutazama mfuko wa mkaguzi, kilipoingia kile kitambaa. Mtu yule alichukua kofia yake, akaizungusha mkononi.

"Nitawaambia Mombasa kwamba fundi ni mgonjwa," alisema hatimaye. "Mgonjwa, basi. Mahali pako pasijazwe mpaka nijue. Lakini gari linatoka wiki ijayo, na filamu lazima zikaguliwe. Nani atafanya?"

"Huyu mama," alisema Randu.

"Serikali haiajiri wanawake kwa kazi hii."

"Hajaajiriwa, bwana. Kaja kuleta chakula."

Mkaguzi alimtazama Randu, akalitazama bakuli, akamtazama Mwanaima. Hakusema ndiyo wala hapana. Alivaa kofia, akatoka.

* * *

Kutoka nyumbani hadi hospitali si mbali, lakini asubuhi ile ilikuwa mbali. Kibwana alitangulia, Mwanaima nyuma yake. Nyuma kabisa, bila kuombwa, alikuja Bi Biasha na Chiku mgongoni, buibui limefunika uso. Alikuwa amelia usiku, ila njiani hakulia. Alipofika langoni alikataa kuingia.

"Nitakaa hapa," alisema. "Wakisema abaki, nimwone anapopita."

Dresa wa zamu, mhudumu wa wagonjwa, aliitwa Kenga. Alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Kibwana alipoingia, Kenga aliinuka akampa mkono, mkono kamili, akaushika muda wa salamu nzima, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kazi. Mwanaima aliuangalia mkono ule. Ilikuwa zamani tangu alipoona mtu wa nje akimshika mumewe.

"Wewe ni wa sinema," alisema Kenga. "Ile filamu ya kuchekesha mmeificha wapi?"

"Ni mbovu. Imeandikwa hivyo."

"Pole yetu." Akachukua unyoya wa kuku kwenye glasi, na karatasi iliyochorwa mikono miwili mitupu. "Fumba macho. Nikikugusa, sema hapa. Usiponisikia, usiseme. Usinifurahishe."

Kibwana alifumba macho. Unyoya ulianzia kwenye kiwiko.

"Hapa," alisema. "Hapa. Hapa."

Unyoya ukateremka. Ukafika kwenye baka, ukagusa katikati, ukagusa pembeni. Kibwana alikuwa kimya, anasubiri. Ukafika kidole gumba, ukakisugua. Kidole cha shahada, ncha, pembeni, ncha tena. Kibwana alisubiri kwa adabu, uso umeinuka, kama mtu aliyeambiwa mgeni yuko njiani. Mwanaima alikuwa na neno lile mdomoni, hapa, mume wangu, hapa, akalimeza. Kenga kwa kila mguso usiojibiwa aliweka alama ya kalamu kwenye mkono wa karatasi, pale pale, bila haraka. Unyoya ukagusa kidole cha mwisho.

"Hapa," alisema Kibwana.

Akaambiwa afumbue macho. Aliitazama karatasi muda mrefu. Ilikuwa kazi safi, alama zimekaa mahali pake.

"Umeandika ilivyo," alisema.

"Ndiyo kazi. Wewe unaijua." Kenga alivua miwani. "Sikiliza, ndugu. Ni yenyewe, sitakuficha. Lakini siku hizi kuna vidonge. Utameza muda mrefu, miaka, na utakuja hapa kila wiki nikuone. Kule ng'ambo hukai. Utalala kwako. Mke na mtoto nao nitawapima. Hivi vidole viwili, sikuahidi kitu, pengine havitarudi. Vilivyobaki tumewahi."

"Mtoto nimshike?"

"Kunywa kidonge cha kwanza hapa mbele yangu. Kisha mshike. Na mama yako mwambie mafuta si mabaya, ngozi inayahitaji. Apake usiku, si asubuhi ya kazi."

Walipotoka, Bi Biasha alisimama ghafla. Alitafuta nyuma yao kama kuna mtu anamfuata mwanawe kumrudisha ndani. Hapakuwa na mtu.

"Amesema nirudi nyumbani, mama," alisema Kibwana. "Na amesema mafuta uendelee."

Bi Biasha aliifungua kanga mgongoni, akamvuta Chiku mbele, akabaki amemshika hewani baina yao. Kwa muda mfupi ilionekana hataweza. Kisha akampa.

Chiku alimtazama baba yake kwa mashaka, kama watoto wanavyomtazama mtu aliyekuwa safarini. Akatafuta mahali pa kushika. Alijaribu kidole gumba cha kushoto, akakivuta, akakiacha. Akashika cha shahada, akakiacha nacho. Mkono wake mdogo ukateremka mpaka kwenye kidole cha mwisho, ukakifumbata.

Kibwana alikuwa amefumba macho.

"Hapa," alisema.